Vimelea vya Sungura, Dawa za Kuku: Historia ya Koksidiosisi ya Mbuzi

Koksidiosisi ni ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vimelea vya seli moja vya jenasi ya Eimeria, na kwa mbuzi huwashika zaidi wanambuzi wenye umri wa kati ya wiki tatu na miezi mitano, hasa katika majuma yanayozunguka kuachishwa kunyonya. Mwanambuzi aliyeugua huharisha kinyesi chepesi cha rangi ya kahawia au ya manjano, ambacho pengine huwa na ute na mara chache damu. Hukataa kula, manyoya yake husimama na kupoteza mng'ao, mkia na mapaja huchafuka, na asipowahiwa anaweza kufa ndani ya siku chache, wakati mwingine hata kabla kuhara hakujaonekana. Anayepona mara nyingi hubaki amedumaa, kwa kuwa ngozi ya ndani ya utumbo inayofyonza chakula imekwisha kuharibiwa. Historia ya namna binadamu alivyoujua ugonjwa huu, akautibu na kutafuta njia za kuuzuia, ina sura yake ya pekee, kwani sehemu kubwa ya yale yaliyojulikana kuhusu mbuzi ilijulikana kwanza kwa mnyama mwingine, na dawa nyingi alizopewa zilitengenezwa kwa ajili ya mwingine. Elimu ilianzia kwa sungura, ikapita kwa tandu, ikakomaa kwa kuku, na mbuzi akapokea kilichobaki. Kilicho chake hasa katika historia hii ni banda lake, na kwa sababu hiyo masimulizi yanayoorodhesha dawa peke yake huliacha nje jambo lenye uzito kuliko yote.

Ili mwendo wa historia hii ufahamike, ni lazima kwanza ufahamike mwendo wa kimelea chenyewe. Mbuzi mkubwa, hata mwenye afya njema, hutoa katika kinyesi chake oosisti chache karibu kila siku. Oosisti ni kifuko mfano wa yai, kidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, chenye ganda gumu linalostahimili dawa nyingi za kusafishia mabanda. Inapotoka mwilini haiwezi bado kuambukiza. Huhitaji unyevu, hewa na joto kwa siku mbili hadi saba, kutegemea spishi na hali ya hewa, na katika muda huo ndani yake hujitenga vifuko vinne, kila kimoja kikibeba vimelea viwili, hata oosisti moja iliyokomaa ikawa na vimelea vinane. Mwanambuzi akiimeza pamoja na majani, maji, au uchafu ulioganda kwenye chuchu za mama yake, vimelea hivyo hupenya katika seli za utumbo, hujigawa tena na tena bila jinsia, kisha hugeuka kuwa wa kiume na wa kike na kuzaana, na baada ya wiki mbili hadi tatu oosisti mpya humwagika kwa mamilioni. Kutokana na mwendo huu, uzito wa ugonjwa hutegemea idadi ya oosisti zilizomezwa, si kuwepo kwake tu, kwa sababu mwanambuzi anayemeza chache hujijengea kinga, na anayemeza nyingi kwa mpigo huangamia. Zaidi ya hayo, siku zile chache kati ya kuanguka kwa kinyesi na kukomaa kwa oosisti ndizo nafasi ya mfugaji: kinyesi kikiondolewa au kikikaushwa kabla hazijapita, mnyororo hukatika. Tena, kuhara kunapoonekana, sehemu kubwa ya madhara huwa imekwisha kutendeka, na dawa yoyote inayotolewa saa hiyo huwa imechelewa kwa kiasi fulani.

Mtu wa kwanza anayeaminika kuviona vimelea vya kundi hili ni Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft, Uholanzi, ambaye mwaka 1674 aliiweka nyongo ya sungura chini ya hadubini aliyoitengeneza kwa mikono yake na kuona vitu vyenye umbo la yai. Hakujua ni nini, wala hakuwa na njia ya kujua. Ilimpasa Clifford Dobell, mwanasayansi Mwingereza wa karne ya 20, kusoma upya barua za Leeuwenhoek na kutambua kwamba kilichoelezwa humo ni oosisti za spishi ya sungura inayoitwa leo Eimeria stiedai. Kati ya watu hao wawili kulikuwa na muda mrefu wa kukosea: mwaka 1839 daktari mmoja Mwingereza, Hake, aliviona vitu hivyohivyo katika maini ya sungura akadhani ni chembe za usaha wa saratani. Theodor Eimer, Mjerumani, alichapisha mwaka 1870 uchunguzi wa vimelea vyenye umbo la yai katika wanyama wenye uti wa mgongo, na mwaka 1875 Mfaransa Aimé Schneider akalitumia jina lake kuunda jina la jenasi. Hata hivyo, kujua umbo na kulipa jina si sawa na kujua maisha. Maisha yalijulikana mwaka 1900, pale Fritz Schaudinn alipofuatilia hatua kwa hatua kimelea cha tandu na kuonyesha kwamba kuzaana bila jinsia na kuzaana kwa jinsia ni hatua mbili za kiumbe kimoja. Ugunduzi huo ulikuja miaka michache baada ya Ronald Ross kuonyesha safari ya kimelea cha malaria ndani ya mbu, na ulisaidia kueleza kwa nini vimelea hivi viwili vinafanana katika hatua zao nyingi. Kwa hakika ni jamaa, na mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayejua mzunguko wa malaria ameshajua nusu ya koksidiosisi.

Kwa mbuzi, elimu iliingia kwa mlango wa shule ya mifugo ya Lyon, Ufaransa. Hapo Marotel alieleza mwaka 1905 kimelea alichokikuta katika utumbo wa mbuzi, nacho kikaitwa arloingi kwa heshima ya Saturnin Arloing, mkurugenzi wa shule hiyo. Mwaka 1930 Yakimoff na Rastegaieff, watafiti wa Urusi, walieleza spishi nyingine waliyoiita ninakohlyakimovae, jina linalomkumbuka Nina Kohl-Yakimova, mtafiti aliyeshirikiana na Yakimoff katika kazi zake. Spishi hizo mbili, pamoja na Eimeria christenseni iliyoelezwa mwaka 1962 na Levine na wenzake wa Illinois na Eimeria caprina iliyoelezwa mwaka 1979, ndizo zinazohesabiwa leo kuwa hatari zaidi kwa mbuzi. Nyingine, zikiwemo zile zilizoelezwa na Musaev wa Azerbaijan mwaka 1970, mara nyingi huishi katika utumbo bila kuleta madhara makubwa, jambo lenye matokeo kwa mganga wa mifugo, kwa maana oosisti nyingi katika kinyesi zinaweza kuwa za spishi isiyo na shida, ilhali mwanambuzi aliye mahututi anaweza kuwa hajaanza kutoa hata moja.

Muda mrefu wa karne ya 20 mbuzi na kondoo walihesabiwa kuwa na vimelea vya pamoja, kwa kuwa oosisti zao hufanana mno chini ya hadubini. Dhana hiyo haikuwa ya vitabuni tu, bali iliamua namna watu walivyofuga, kwani aliyeiamini angeogopa kuwalaza kondoo na mbuzi pamoja kwa sababu ya koksidiosisi, na aliyepata matokeo ya jaribio la dawa kwa kondoo angeyahamishia kwa mbuzi moja kwa moja. Ernest Tyzzer wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa ameshaonyesha mwaka 1929, kwa uchunguzi wa kuku na ndege wa jamii yao, kwamba kila spishi ya Eimeria humng'ang'ania mwenyeji wake, lakini ilichukua nusu karne somo hilo lithibitishwe kwa wanyama wadogo wenye kucheua. Mwaka 1979 McDougald alijaribu kuwaambukiza kondoo kwa vimelea vya mbuzi na mbuzi kwa vimelea vya kondoo, akaona kwamba kwa kawaida havihami. Spishi ya kondoo iliyokuwa ikiitwa ninakohlyakimovae kama ile ya mbuzi ikapewa jina lake, ovinoidalis. Ni jambo la kusikitisha kwamba mnyama anayelisha kaya nyingi maskini duniani alingoja hadi mwaka huo kutenganishwa na jirani yake wa zizini.

Kabla ya hadubini na baada yake, wafugaji walikuwa na taratibu zao, na hapa inafaa kusema kwa uangalifu, kwa kuwa ni rahisi kuyapamba ya kale. Katika nyanda kame za Afrika Mashariki mbuzi alizunguka eneo kubwa kutwa nzima, akila zaidi majani ya vichaka na miti kuliko nyasi za chini, naye kwa tabia hiyo alikiweka kinywa chake mbali na kinyesi. Miti mingi ya jamii ya migunga aliyoila ina tanini, yaani dutu chungu zinazokaza, ambazo tafiti za miaka ya karibuni kwa mimea mingine yenye dutu hizo, kama Lespedeza cuneata huko Marekani, zimeonyesha kuwa hupunguza oosisti kwa wanambuzi. Boma la miiba lilihamishwa samadi ilipolundikana. Jua kali la kiangazi lilifanya kazi ambayo hakuna dawa ya kusafishia iliyoifanya vizuri, kwani ukavu na joto ni adui wakubwa wa oosisti. Lakini wanambuzi wenyewe hawakwenda malishoni. Walibaki nyumbani katika vizizi vidogo vyenye kivuli, wakirundikana, na masika yalipofika vizizi hivyo viliweza kuwa matope ya samadi. Hakuna sababu ya kudhani kwamba hawakufa kwa kuhara, ila kifo cha mwanambuzi mmoja mmoja katika kundi kubwa kilichanganyika na vifo vya njaa, baridi na fisi.

Milimani mambo yalikuwa tofauti. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa na desturi ya kuwafuga ng'ombe na mbuzi ndani ya nyumba na kuwaletea majani ya migomba na nyasi zilizokatwa, huku samadi ikipelekwa kihambani, yaani katika shamba la nyumbani, kurutubisha migomba. Ufugaji wa ndani, unaotajwa katika mipango ya maendeleo kana kwamba uliletwa na wataalamu, ulikuwa hapo zamani sana, na ndani yake ilikuwemo kanuni moja ya kinga ambayo haikuhitaji kujua jina la kimelea: samadi ilikuwa mali, na mali haiachwi ikaoza miguuni pa wanyama.

Uhusiano wa msongamano na ugonjwa ulionekana wazi zaidi Marekani katika miaka ya 1920 na 1930, kwa kuku waliofugwa kwa maelfu chini ya paa moja na kwa wanakondoo waliokusanywa katika nyua za kunenepesha. Huko Fort Collins, Colorado, I. E. Newsom na Floyd Cross walichunguza kuhara kwa wanakondoo hao na kukuta koksidia, yaani vimelea vya kundi hili la Eimeria. Wanyama waliotoka malisho mapana wakiwa wazima waliugua wiki chache baada ya kufika uani, mahali ambapo safari, chakula kipya na msongamano vilikutana. Watu walijaribu kiberiti cha unga katika chakula, kwa faida ndogo, hadi dawa za salfa zilipotokea. Salfa zilizaliwa Ujerumani kutokana na kazi ya Gerhard Domagk ya miaka ya 1930 juu ya bakteria, na mwaka 1939 P. P. Levine wa Chuo Kikuu cha Cornell alionyesha kwamba salfanilamidi huzuia koksidiosisi ya kuku. Dawa hizi humnyima kimelea uwezo wa kutengeneza asidi foliki, ambayo ni vitamini anayoihitaji ili kujigawa. Salfakwinoksalini ilianza kuuzwa mwaka 1948 kwa kuchanganywa katika chakula cha kuku siku zote, na tangu hapo kinga kwa njia ya chakula ikawa desturi ya viwanda. Mbuzi alipata salfadimidini kwa kunyweshwa, dawa ambayo hadi leo ipo katika maduka mengi ya mifugo.

Amproliamu ilifuata mwaka 1960. Umbo lake linafanana na la vitamini B1, na kimelea huipokea mahali pa vitamini hiyo kisha hufa kwa njaa. Ni dawa nzuri na ya bei nafuu, ila mfanano huohuo humgeukia mbuzi akipewa nyingi kwa muda mrefu, kwa sababu naye hupungukiwa na B1, ubongo ukadhurika, akapofuka na kutetemeka. Ndiyo maana kozi ya kawaida ni siku tano, si mwezi. Monensini, iliyopatikana kutoka bakteria wa udongo na kuruhusiwa kwa kuku nchini Marekani mwaka 1971, iligeuza ufugaji wa kuku duniani na baadaye ikatumika kwa mbuzi kwa kuchanganywa katika chakula. Lakini kiasi kisichomdhuru mbuzi kinaweza kumuua farasi au punda, na katika boma la Afrika Mashariki, ambapo punda hulala jirani na mbuzi na hula kilichobaki horini, onyo hilo lina uzito zaidi kuliko lilivyo nao katika vitabu vya Ulaya. Dekokwineti hutumika kuzuia na siyo kutibu, kwa kuwa hukamata kimelea katika hatua za mwanzo tu, na ili ifae ni lazima ilishwe kila siku kwa takriban wiki nne. Toltrazurili, iliyotengenezwa na kampuni ya Bayer, ilileta tofauti ya kweli, kwa kuwa hushambulia hatua zote za kimelea ndani ya seli, na dozi moja ya mdomo yaweza kutosha ikitolewa takriban wiki moja kabla ya muda ambao wanambuzi wa banda hilo huanza kuugua.

Wakati dawa hizi zikija, mbuzi wa Afrika Mashariki naye alikuwa akibadilishwa. Kuanzia mwaka 1980 magharibi ya Kenya uliendeshwa mradi wa kupata mbuzi wa maziwa na nyama kwa kuchanganya mbuzi wa kigeni wa aina za Toggenburg na Anglo-Nubian na mbuzi wa kienyeji na wa Kigalla. Katika muongo huohuo mbuzi wa maziwa kutoka Norwe waliletwa Morogoro, na kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wakaenea Mgeta, katika milima ya Uluguru. Na mwaka 1996 shirika la FARM-Africa lilianza kazi yake ya mbuzi wa maziwa katika eneo la Meru, Kenya. Mbuzi hawa walikuwa wa gharama, walitakiwa kukaa ndani na kuletewa majani, na mara nyingi waligawiwa kwa utaratibu wa kukopa mbuzi na kulipa mbuzi, ambapo kaya hurudisha jike mchanga ili kaya nyingine ipate. Hali hiyo iliugeuza ugonjwa kabisa. Palipokuwa na kundi la mbuzi themanini, kifo cha wanambuzi watatu kilikuwa hasara ya msimu; palipokuwa na majike wawili, kilikuwa mwisho wa mpango, na jirani aliyekuwa akingoja zamu yake alikosa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Sokoine walianza kuhesabu oosisti katika mbuzi wa nchi zao, na utafiti wa Kusiluka na wenzake uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu maeneo mawili ya Morogoro ni miongoni mwa kazi zilizoonyesha kwamba mbuzi wachanga ndio watoaji wakubwa wa oosisti.

Jibu lililofaa kuliko mengine lilikuwa la seremala. Banda la mbuzi wa maziwa lilijengwa juu ya nguzo, sakafu yake ikiinuliwa karibu mita moja kutoka ardhini na kutengenezwa kwa mabanzi, mianzi au fito zenye nafasi ya kati ya sentimita moja na mbili, ili kinyesi na mkojo vianguke chini huku kwato za wanambuzi zikibaki salama. Hori liliwekwa nje, mbuzi akipenyeza kichwa tu, asiweze kukanyaga wala kunyea chakula. Majani yalifungwa na kuning'inizwa. Wanambuzi walipewa chumba chao kikavu, wakatenganishwa kwa umri, kwa sababu mwanambuzi wa miezi mitatu aliyekwisha kujenga kinga bado hutoa oosisti zinazoweza kumwangusha mdogo wake wa wiki tatu. Maziwa ya mwanzo, yaani dang'a, yalihimizwa mapema. Mabanda ya namna hii yamejulikana muda mrefu katika visiwa vya Java, ambako mvua nyingi iliwafundisha wafugaji kuinua sakafu, na kufaa kwake Uluguru na Meru ni kwa sababu hiyohiyo ya unyevu. Kinyesi kilichodondoka kilikusanywa na kupelekwa katika mboga na kahawa. Banda kama hilo halimwondolei mbuzi vimelea vyote, na halipaswi kumwondolea, kwa kuwa mwanambuzi asiyekutana navyo kabisa hajengi kinga. Hupunguza idadi hadi kiwango ambacho mwili waweza kujifunza kutokana nacho.

Mahali banda liliposhindwa, kosa lililojirudia lilikuwa la kutambua. Kuhara kwa mbuzi kulihesabiwa kuwa ni minyoo, na mfugaji alinunua dawa ya minyoo, ambayo kwa koksidia haifanyi kitu, kwa kuwa koksidia si minyoo. Chemba ya McMaster, yaani kioo chenye mistari ya kuhesabia mayai ya vimelea katika kinyesi kilichochanganywa na maji ya chumvi, ilielezwa na Gordon na Whitlock mwaka 1939 huko Sydney kwa ajili ya minyoo ya kondoo, nayo huhesabu oosisti vilevile. Ni kifaa cha bei ndogo kisichohitaji zaidi ya hadubini ya kawaida. Kutokuwepo kwake katika vituo vingi vya mifugo vijijini kumewagharimu wafugaji dawa nyingi zisizo na kazi na wanambuzi wengi waliokufa wakiwa wametibiwa ugonjwa mwingine, na hilo ni pungufu ambalo bajeti ya wilaya ingeweza kuliziba bila kusubiri mradi wa nje.

Kuhusu dawa zenyewe, usugu umekwisha kuonekana. Katika kuku ulijitokeza mapema, dawa moja baada ya nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa Norwe walithibitisha kwa jaribio kwamba vimelea vya kondoo kutoka shamba moja la nchi hiyo vilistahimili toltrazurili, dawa iliyokuwa tegemeo kuu huko. Njia nyingine ni chanjo. Kuku waliipata tangu mwaka 1952, iliyotokana na kazi ya S. A. Edgar wa Alabama, ambayo ni kuwapa vifaranga oosisti hai kwa kiasi kidogo kilichopimwa. Kwa mbuzi, kazi iliyofika mbali zaidi imefanyika katika Visiwa vya Kanari, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Las Palmas de Gran Canaria na wenzao wa Ujerumani walizipiga mionzi ya eksirei oosisti za Eimeria ninakohlyakimovae ili kuzidhoofisha, wakawapa wanambuzi, na wanyama hao walipoambukizwa baadaye kwa vimelea vikali walitoa oosisti chache na kuugua kidogo kuliko wasiochanjwa. Chanjo hiyo haijafika sokoni. Oosisti za kuitengenezea hazipandwi katika chupa ya maabara, bali huvunwa kutoka kinyesi cha wanyama hai walioambukizwa makusudi, na kwa kuwa kila spishi ya Eimeria hukaa kwa mwenyeji wake tu, wanyama hao ni lazima wawe wanambuzi, ambao gharama ya kuwalea na kuwatenga ni kubwa mara nyingi kuliko ya kifaranga.